Sindano Haifiki Kwatoni

Mtu wa Usangu, kwenye bonde la mpunga la Mbeya, akikupigia simu alfajiri kukuambia punda wake amevunjika mguu, usihangaike kutafuta banzi. Chukua kisu.

Simu ninayotaka kuisimulia iliingia mwezi Machi, mvua zikiwa zimekolea na majaruba yamejaa hadi kwenye matuta. Aliyepiga ni mama mmoja anayelima mpunga ng'ambo ya mfereji, si mbali na Rujewa. Ana punda jike mmoja tu, na huyo ndiye gari lake, ndiye bomba lake la maji, ndiye ada ya wajukuu wawili. "Dokta, toka Jumatatu alikuwa anachechemea. Leo kavunjika kabisa, mguu haugusi chini." Mimi si daktari, ni bwana mifugo, lakini huku ukishabeba bomba la sindano umeshakuwa dokta, na kukataa ni kama kumkatalia mtu salamu yake.

Nilimkuta punda kafungwa chini ya mwembe. Miguu mitatu imekanyaga, wa mbele wa kulia unagusa ardhi kwa ncha tu, kama mtu anayeonja maji ya kuoga kwa kidole. Kichwa kimeinama, masikio yamelegea pembeni. Shingoni ana uvimbe mgumu, mkubwa kama chungwa.

"Shikamoo mama. Hapa shingoni amepatwa na nini?"

"Marahaba baba. Hapo ndipo alipochomwa sindano. Tatu, kila siku moja. Ile ya ng'ombe."

Aliyemchoma ni kijana wa jirani mwenye chupa ya antibiotiki, oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ile inayouzwa kila duka la dawa za mifugo kuanzia Igawa mpaka Igurusi. Simlaumu sana, na sababu nitaieleza. Nilianza kumpapasa punda kuanzia begani nikishuka taratibu. Mfupa uliovunjika hujitangaza: mguu hupinda pasipo na kiungo, au nyama huvimba, au mfupa husagika ukiugusa. Hapa hapakuwa na hata kimoja. Nilipofika nyuma ya kifundo, pale mishipa inapopita kando ya kano kwenda chini, vidole vyangu vikakuta mapigo yanagonga kama mtu anayetwanga. Kwa punda mzima mapigo hayo unaweza kuyatafuta mpaka ukate tamaa. Nikashika ukwato wenyewe kwa kiganja: wa moto, kama kikombe kilichotoka kumiminwa chai. Nikashika wa upande wa pili: baridi.

"Mama, mguu haujavunjika. Ana mdudu wa kidole."

Akanitazama kuona kama namtania. "Punda ana kidole?"

"Anacho kimoja kila mguu, na anatembelea ukucha wake."

Na hivyo ndivyo ilivyo. Punda na farasi wamebaki na kidole kimoja kila mguu, na ukwato ni ukucha uliokizunguka kidole hicho. Kama umewahi kupata mdudu wa kidole, ule usaha unaotunga chini ya ukucha ukakukesha usiku kucha huku mkono umeuinua juu ya mto, basi unajua jipu la kwatoni. Tofauti ni kwamba wewe hukulazimishwa kuusimamia.

* * *

Haya sikuyajulia darasani. Kabla ya kusomea mifugo nilikuwa saisi. Vijana wengi siku hizi hawalijui neno hilo. Saisi ni mtunza farasi. Farasi nchini kwetu ni wachache, na sehemu kubwa ya sababu ni mbung'o na yale maradhi ya farasi yanayoenezwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, ambayo yakiingia zizini leo, kesho unachimba shimo. Lakini Mufindi iko juu, baridi yake mwezi wa saba inaacha jalidi kwenye majani, na huko juu farasi wanaishi. Shamba nililofanyia kazi lilikuwa na farasi tisa, chai upande mmoja, misonobari upande mwingine, na ukungu juu ya vyote.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kihehe ambaye hakuwa msemaji. Asubuhi ilikuwa "Kamwene", halafu ananipa kile chuma kilichopinda kama ndoano cha kukwangulia kwato. Farasi tisa, kwato thelathini na sita, na zote kabla ya chai. Unauinua mguu, unaukalisha kwenye paja, unakwangua tope na samadi kutoka kisiginoni kuelekea mbele, hutoboi, unakwangua. Katikati ya wayo kuna kipande cha pembetatu, laini kama raba, ncha yake inaelekea mbele. Pembeni mwa pembetatu hiyo kuna mitaro miwili. Humo ndimo uchafu unamojificha.

Mzee alikuwa akimaliza kila ukwato anainua ile ndoano puani na kuinusa. Kila ukwato, kila siku. Mwanzoni niliona kichaa. Baada ya miezi kadhaa na mimi nikawa nanusa, kwa sababu ukwato unaoanza kuoza unanuka kabla hujaona kitu: harufu ya yai viza, nzito, inayoganda kwenye vidole hata ukinawa kwa sabuni ya mche mara mbili. Ukiisikia, kesho yake au keshokutwa utaona utelezi mweusi kwenye ile mitaro, na pembetatu inaanza kumeguka kama sifongo.

Kulikuwa na farasi jike mweupe tuliyemwita Bibi Harusi. Mwaka wangu wa pili pale, mwezi wa pili wenye mvua, alilala mzima akaamka hawezi kukanyaga. Shamba likataharuki. Wakubwa walitaka achomwe sindano upesi na daktari alikuwa safarini. Mzee akaomba ndoo, maji ya moto kiasi cha kiwiko kuvumilia, na chumvi ya haluli, ile ya kufungua tumbo. Tukauloweka ule mguu dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, tukaufunga kwa mchanganyiko wa pumba na haluli. Usiku wa pili usaha ulipasukia juu, pale nywele zinapokutana na ukwato. Asubuhi Bibi Harusi alikuwa anakula.

Nilifurahi. Mzee hakufurahi. Alinionyesha lile tundu akasema, "Tumechelewa kumfungulia mlango wa chini, katokea dirishani." Ukwato hukua kutoka juu kushuka chini, kiasi cha sentimita moja kwa mwezi au pungufu, kwa hiyo ile kovu ya juu ikageuka ufa, na ufa ukashuka nao polepole mwaka karibu mzima mpaka ulipofika chini ukakatwa. Muda wote huo ilibidi tuulinde usije ukaingiza uchafu mwingine.

* * *

Sasa nirudi kwa kijana wa jirani na chupa yake, maana hapa ndipo ugomvi wangu ulipo.

Ng'ombe ana kwato mbili kila mguu, na katikati yake kuna ngozi na nyama. Ng'ombe akioza kwato, mara nyingi bakteria wameingia kwenye nyama hiyo. Nyama ina damu, damu inabeba dawa. Unamchoma oksitetrasaiklini leo, baada ya siku mbili tatu anatembea. Mfugaji ameliona hilo mara ishirini kwa macho yake, na mtu aliyeona kitu mara ishirini huwezi kumwambia hakipo. Ndiyo maana punda akichechemea, chupa ni ileile.

Lakini jipu la punda halimo kwenye nyama ya wazi. Limo ndani ya sanduku. Kokoto ndogo, au tope lililopenya kwenye ule mstari unaounganisha ukuta wa ukwato na wayo, limeingiza bakteria mpaka ndani, na usaha umetunga kati ya pembe ngumu na nyama hai. Ukuta wa ukwato hauna damu, umekufa kama ukucha wako ulivyokufa. Usaha wenyewe ni dimbwi ambalo mshipa haupiti ndani yake. Dawa inazunguka mwilini, inafika mlangoni, inakuta mlango umefungwa. Kibaya zaidi, pengine inapunguza makali kidogo, mnyama anatembea siku mbili, mwenyewe anashangilia, kisha moto unawaka upya na sasa usaha umesafiri mbali zaidi. Na kwa jamii ya farasi dawa hiyo si ya kuchezea: huweza kuvuruga tumbo mpaka mnyama aharishe vibaya, na ile ya asilimia 20 ikidungwa kwenye msuli huacha uvimbe kama ule wa chungwa niliouona.

Sisemi sindano haina kazi kabisa. Homa ikipanda, mguu ukavimba kwenda juu, au maambukizi yakiwa yameingia kwenye mfupa au kiungo, antibiotiki inahitajika, na aiamue daktari. Lakini kwa jipu la kawaida, kisu kwanza. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwaeleza watu hilo, na bado nikifika najikuta napapasa shingo kabla ya mguu.

* * *

Punda hakuumbiwa majaruba. Ukoo wake wa porini ni wa nchi kame za pembe ya Afrika, Ethiopia na Somalia huko, mawe na vumbi. Ukwato wake unafyonza maji kuliko wa farasi. Mweke wiki sita kwenye tope la Mbarali, ukwato unalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, kile kiungo cha ukuta na wayo kinaachia, na mlango uko wazi. Halafu jua la mwezi wa sita linaukausha ghafla, unapasuka. Kwa hiyo wateja wangu wanakuja kwa misimu miwili: wa tope na wa nyufa.

Tena punda anaficha maumivu. Farasi akiumwa ukwato, shamba zima linajua. Punda anaendelea na mkokoteni, anapunguza mwendo kidogo tu, watu wanasema amekuwa mvivu, wanaongeza fimbo. Siku akiinua mguu ujue ameumwa siku nyingi. Tunasema asante ya punda ni mateke. Mimi nimewashika miguu mia kadhaa wakiwa na usaha ndani, na nimepigwa teke mara nne. Binadamu mwenye jino bovu ana hasira zaidi.

Nilimuuliza mama lini punda amekula mara ya mwisho. "Juzi alitafuna kidogo." Hilo likaniogopesha kuliko mguu. Punda akiacha kula kwa siku mbili tatu kwa sababu ya maumivu, mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe, damu inajaa mafuta, ini linashindwa, na anaweza kufa kwa njaa hiyo ilhali jipu lake limepona. Nikamwambia mjukuu akatafute chochote kibichi: majani ya kingo za mfereji, maganda ya ndizi, hata majani ya viazi. Akarudi na fungu. Punda akanusa, akageuza uso.

Tukaanza kazi. Niliosha ukwato kwa brashi na maji ya sabuni, nikaukausha kwa kitambaa. Nikabana kwa koleo kuzunguka ukingo wote, kidogo kidogo, kama mtu anayepapasa embe kutafuta palipoiva. Upande wa ndani hakutikisika. Mbele hakutikisika. Nilipofika upande wa nje, karibu na pale ukwato unapopanuka zaidi, akavuta mguu kwa nguvu mpaka nikakaa chini kwenye tope. Watoto wakacheka. Nikabana tena palepale kuhakikisha, akavuta tena.

Kisu cha kwato kina ncha iliyokunjwa kama kijiko. Unakwangua ngozi ya juu ya wayo, ile kavu chafu, mpaka uone rangi safi ya nta. Kwenye ule mstari wa kiungo nikaona nukta nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya nyanya. Nukta nyingine zinaishia juujuu ukikwangua, ni madoa tu. Hii haikuisha. Nikaifuata, kila mkwaruzo mwembamba kuliko karatasi, nukta ikawa kistari, kistari kikawa kishimo. Kanuni niliyopewa na mzee ni kwamba ukiona damu umeshapotea njia: umeingia kwenye nyama hai, umemwongezea mnyama jeraha, na umewafungulia bakteria mlango wa pili. Kwa hiyo hapa ndipo mkono unatakiwa kuwa mzito kufikiri na mwepesi kukwangua.

Ikatoka. Haikuruka kama kwenye zile video ambazo watu wanazitazama mitandaoni usiku wakila. Ilichuruzika, kijivu kinachoelekea nyeusi, nyepesi kama maji ya wino, na harufu ikafika kwa mama aliyekuwa amesimama hatua tano akajiziba pua kwa kitenge. Punda alishusha pumzi ndefu, akalamba midomo. Nikapanua tundu kidogo tu, likaingia punje ya hindi. Kubwa zaidi ya hapo, nyama ya ndani inaweza kutumbukia nje na unakuwa na shida mpya.

Alipoweka mguu chini aliuweka wote. Bado anachechemea, lakini wayo umegusa ardhi. Mama akasema maneno ya Kisangu ambayo sikuyaelewa.

* * *

Kufungua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha tope halirudi ndani ya lile tundu, na huko Usangu mwezi Machi ardhi yote ni tope.

Siku tatu za kwanza nataka usaha uendelee kutoka, kwa hiyo ni maji moto na haluli mara mbili kwa siku, kisha bandiko la haluli na pumba juu ya wayo, kisha pampasi ya mtoto. Naam, pampasi. Inakaa vizuri kwenye ukwato wa punda, inafyonza, ina mikanda yake. Juu yake unazungusha ile tepu pana ya kijivu ya mafundi. Usaha ukikoma, unaacha kuloweka kabisa, maana sasa unataka pakauke: ayodini kwenye tundu, pamba, funga tena. Wengine huchanganya ayodini na sukari mpaka iwe uji mzito. Inafanya kazi, ila mwambie mwenye punda aufiche uji huo sisimizi wasiufikie.

Lakini tepu haivumilii jaruba. Siku ya pili pampasi ilikuwa imekwisha chanika. Nikachora ukwato wa punda kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nikaenda nayo stendi kwa fundi anayetengeneza katambuga.

"Namba ngapi?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Haina namba. Ni ya punda."

Akainua macho. Nikamweleza. Akaigeuza ile karatasi mara mbili. "Jozi?"

"Mguu mmoja."

"Mimi sijawahi kuuza mguu mmoja," akasema, na sijui mpaka leo kama alikuwa anataka bei ya jozi au alikuwa amekwazika kwelikweli kama fundi. Alikata soli kutoka kwenye tairi, akashonea kuta za tyubu ya lori mpaka juu ya kifundo, akaweka mikanda miwili ya kukaza. Alinitoza bei ya jozi. Ilistahili. Kile kiatu kilikaa siku kumi na sita, kikivuliwa asubuhi na jioni ili ukwato upumue, na hakikuingiza tope zaidi ya mara moja.

Kuna vitu nimekuta watu wanaweka kwenye kwato ambavyo vinanikosesha usingizi. Oili chafu ya gari ndiyo bingwa. Wanaipaka ili "kuua wadudu". Wale bakteria wanaoozesha ile pembetatu, na maarufu kati yao ni Fusobacterium necrophorum, hawapendi hewa. Wanastawi mahali palipozibwa. Ukipaka oili juu ya uchafu umewajengea nyumba na kuiezeka. Mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, nao una mahali pake, ng'ombe wanakanyagishwa maji yake nao unasaidia kweli, lakini kuupaka mkavu kwenye nyama iliyo wazi ni kuunguza. Ukwato unaooza hauhitaji ukali. Ondoa kilichokufa, sugua, kausha, paka ayodini mtaroni, na umhamishie mnyama pakavu. Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo dawa. Kitanda cha pumba za mpunga, ambazo pale mashineni zinachomwa moto bure, kikitandikwa kwenye kona ya boma kimeponya kwato nyingi kuliko mimi.

* * *

Kuna jambo sijalisema.

Mwaka uliotangulia, kijana mmoja wa upande wa Igurusi aliniita kwa punda wake dume aliyekanyaga msumari wa bati. Msumari ulikuwa umeingia pembeni, si katikati. Ungeingia katikati, kwenye ile pembetatu, nisingegusa. Huko ndani kuna kifuko cha majimaji na kiungo, na hilo ni la daktari siku hiyohiyo, msumari ukiachwa ulipo kama inawezekana ili aone umeelekea wapi. Huu ulikuwa wa pembeni. Nikautoa, nikafungua tundu vizuri, nikasafisha, nikafunga. Kazi nzuri. Niliondoka najipongeza kwenye pikipiki.

Sikumpa kinga ya pepopunda. Duka nililouliza halikuwa nayo, wakasema wiki ijayo, na mimi nikaiacha wiki ijayo iwe wiki ijayo. Ningeweza kupanda basi kwenda Mbeya. Nauli ninaijua, ratiba ninaijua.

Siku ya kumi na moja yule kijana alipiga simu akasema jeraha limepona kabisa ila punda "anatembea kama meza". Nilijua kabla hajamaliza. Nikamkuta miguu imetanuka imekakamaa, mkia umeinuliwa, masikio yamesimama yamekaza kama yamepigiliwa, na nilipopiga makofi karibu na uso wake ule utando wa tatu wa jicho ukaruka ukafunika nusu ya jicho. Taya halifunguki. Mjukuu wa nyumba hiyo alikuwa anajaribu kumlisha majani, yanadondoka.

Bakteria wa pepopunda wanaishi kwenye udongo na kwenye samadi ya farasi na punda wenyewe, na jamii hiyo ya wanyama ndiyo inayoumizwa nao kuliko mifugo mingine. Lugha yetu imemweka punda ndani ya jina la ugonjwa. Mimi niliyesomea nikamsahau. Alikufa siku ya nne. Kijana hakunilaumu. Aliniuliza tu atapata wapi mwingine, na mimi sikuwa na jibu, kwa sababu biashara ya ngozi ilikuwa imepandisha bei za punda mpaka mtu wa kawaida hawezi. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Yule kijana siku hizi anabeba magunia kwa baiskeli.

Kwa hiyo kwa mama wa Rujewa, nilipomaliza kufunga ile pampasi ya kwanza, sikurudi nyumbani. Nilipiga simu duka la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu, Mbeya mjini, ipo. Nikapanda basi la saa saba, nikarudi na chupa kwenye kiroba cha barafu, nikamchoma uniti 1,500 giza likiwa limeshaingia, kwa mwanga wa tochi ya simu ya mjukuu. Mama akauliza, "Si ulisema sindano haifiki kwatoni?"

Nikamwambia hii haiendi kwatoni. Akasema haya.

Siku ya pili asubuhi punda alikula majani ya viazi. Mama alinipigia kunipa hiyo habari tu, akakata.

Mwezi wa sita nilipita kwake kwa mambo ya kuku, mpunga umeshavunwa. Punda yuko barabarani, mkokoteni umejaa magunia, kwato zinagonga lami sawasawa zote nne. Mjukuu alinionyesha anavyozikwangua kila asubuhi kwa msumari mkubwa aliougonga ukapinda, akimaliza anaunusa kama nilivyomwonyesha. Nikauliza katambuga iko wapi, maana nilitaka nimwazime mtu wa kule juu. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Ilikuwa imening'inizwa ukutani kwa mikanda yake, ndani kumewekwa majani makavu, na kuku amelalia mayai sita.

"Hii mpaka aangue," akasema mama kutoka jikoni.